Mhasibu ameondoka, laptopu ya kampuni bado inafunguka kwa jina lake: naiondoaje akaunti yake?

#1 Karani_Nakawa (Jumatatu, saa 4:10 asubuhi)

Habari za asubuhi ndugu zangu. Mimi ni karani katika kampuni ndogo ya usafirishaji hapa Nakawa, Kampala. Mhasibu wetu ameacha kazi, na yeye na bosi hawakuagana vizuri. Laptopu aliyokuwa akitumia ni mali ya kampuni, risiti ya kuinunulia tunayo. Lakini ukiiwasha kinachotokea ni jina lake na baruapepe yake binafsi, si ya kampuni. Namba ya siri ya kufungulia tunaijua, alituachia alipokwenda likizo. Paswadi yenyewe ya akaunti hatuijui.

Nimeingia kwenye Mipangilio, upande wa Akaunti, nikaondoa baruapepe yake kwenye orodha niliyoikuta. Nikazima, nikawasha. Jina lipo palepale. Mhasibu mpya anaanza wiki ijayo na bosi anasema "futeni kila kitu". Mimi naogopa, kwa sababu humo ndani mna ankara za wateja, mambo ya EFRIS (ule mfumo wa ankara za kodi) na michango ya NSSF. Ni Windows 11, ile ya Home. Nifanyeje?

#2 FundiWaPlaza (saa 4:25)

Nnyabo, usijichoshe. Piga Windows upya kwa flashi, mashine itoke safi. Kama ilikuja na Windows ya kiwandani, leseni imekaa kwenye mashine, haimfuati mtu, kwa hiyo itajiamilisha yenyewe ukishaunganisha intaneti. Mafaili yakopi kwanza kwenye diski ya nje. Kazi za namna hii napokea kila wiki hapa mjini.

#3 MwalimuTEHAMA (saa 4:52)

Dada Karani, tafadhali usipige kitu bado. #2 amesema kweli kuhusu leseni, ila "kopi mafaili kwanza" ameipitia haraka mno, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kwanza nikujibu kwa nini jina halikuondoka. Ulichofuta ni akaunti iliyo chini ya "Baruapepe na akaunti", ambayo inatumiwa na programu kama barua na kalenda. Haihusiani na kufungua kompyuta. Akaunti ya kufungulia iko sehemu nyingine, "Watumiaji wengine", na ukiwa umeingia kwa jina lake hutaiona humo, maana orodha ile inaonyesha watu wengine, na kwa mashine hiyo wewe sasa hivi ni yeye. Windows haikuruhusu kuifuta akaunti uliyoikalia. Kuna na mahali pa tatu, pa akaunti za kazini au shuleni, lakini kwa baruapepe binafsi hapo hapakuhusu.

Utaratibu wake: ingia kwa namba ya siri mnayoijua, nenda Watumiaji wengine, ongeza mtumiaji. Itakudai baruapepe; chagua kwamba huna taarifa za kuingia za mtu huyo, halafu uongeze mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft. Mpe jina la cheo, mfano Hesabu, umpe paswadi. Kisha badilisha aina ya akaunti hiyo iwe ya msimamizi. Hatua hii ya mwisho usiiruke. Ukiiruka, msimamizi wa mashine atabaki mtu ambaye hayupo.

Ila kabla ya kufuta ya zamani, niambie mambo mawili. Kwenye folda ya Nyaraka na kwenye Eneokazi, mafaili yana alama ya wingu pembeni au alama ya tiki ya kijani? Na katika Mipangilio, upande wa faragha na usalama, usimbaji wa kifaa, yaani kuifunga diski isisomeke bila ufunguo, umewashwa?

#4 BusiaMpakani (saa 5:30)

Mimi naona mengine. Huyo mhasibu alijua anachofanya. Mtu anaweka baruapepe yake kwenye mali ya kampuni ili siku akigombana nao awakamate shingoni. Hapa mpakani makampuni ya kutoa mizigo forodhani yanafanyiwa hivi kila siku. Muulizeni vizuri.

#5 Mzee_wa_Hesabu (saa 6:05 mchana)

Busia, wewe kila uzi unaona mtego. Usimhukumu kijana wa watu bila ushahidi.

Windows 11 tangu ilipotoka Oktoba 2021, toleo la Home likiwashwa mara ya kwanza linadai intaneti na akaunti ya Microsoft. Laptopu inafika ofisini kwenye boksi, bosi anamwambia mhasibu "hii ni yako, anza kazi". Kampuni haijamfungulia baruapepe. Ataandika ipi kama si yake? Ofisi ndogo nyingi hapa Uganda zinaendeshwa hivyo, kuanzia laini ya simu ya ofisi mpaka gruu la WhatsApp la wateja, vyote vimesimama kwa jina la mtu mmoja. Nimekuwa mhasibu Jinja kwa miaka mingi na karibu kila ofisi niliyoingia nimeikuta hali hiyo.

#6 DukaLaDawa_Arua (saa 7:40 mchana)

Salaam. Ninachotaka kusema ni juu ya hilo swali la pili la Mwalimu.

Mimi nina duka la dawa Arua. Msaidizi wetu alihama, tukamshukuru, hapakuwa na ugomvi. Alifungua laptopu ya duka kwa akaunti yake kama alivyoeleza Mzee. Baadaye ile mashine ikapelekwa kwa fundi, akabadilisha kitu kwenye mipangilio ya ndani ya kuwashia. Iliporudi, skrini ya buluu inadai ufunguo wa kurejesha. Tarakimu 48. Tuliangaliana tu. Orodha yote ya dawa zinazoisha muda ilikuwa humo.

Ufunguo ulikuwa wapi? Kwenye akaunti ya Microsoft ya yule msaidizi, ambaye tayari alikuwa Juba. Bahati yetu ni mtu muungwana, akaingia kwenye akaunti yake akatutumia. Tungekuwa tumegombana naye, ningeanza kuhesabu dawa rafu kwa rafu.

#7 FundiWaPlaza (saa 8:02 mchana)

Dada wa Arua pole, lakini hiyo si BitLocker, ile kinga ya Windows ya kufunga diski. BitLocker iko kwenye Windows Pro tu. Home haina.

#8 MwalimuTEHAMA (saa 8:20 mchana)

Fundi, uko nusu sahihi. Home haina vidhibiti kamili vya BitLocker, ila ina kile kinachoitwa usimbaji wa kifaa, na mtambo wa chini ni uleule mmoja. Mtu akiingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo wa kurejesha unapandishwa kwenye akaunti hiyo, mara nyingi bila mwenyewe kutambua. Na tangu toleo la 24H2 la Windows 11, mashine nyingi zaidi zinawashwa ulinzi huo zinapowekwa Windows upya. Kwa hiyo kisa cha Arua ni cha kweli kabisa, na kimemfika mtu wa Home.

Dada Karani, kwa kuwa bado unaweza kuingia na akaunti hiyo ndiyo msimamizi, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike:

manage-bde -protectors -get C:

Ikileta nenosiri la tarakimu 48, liandike kwenye karatasi, liende kwenye kabati la bosi. Au zima usimbaji kabisa kwanza, usubiri mpaka diski imalize kufunguliwa. Hapo chomeka charji, na uchague saa ambayo umeme wenu hauna mchezo.

#9 FundiWaPlaza (saa 8:31 mchana)

Sawa Mwalimu, nimekuelewa. Ila nisisitize: ukipiga Windows upya kwa flashi na kufuta diski yote, ufunguo huo hauhitajiki. Unahitajika pale unapotaka vilivyomo.

#10 DukaLaDawa_Arua (saa 8:35 mchana)

Vilivyomo ndivyo duka lenyewe, ssebo.

#11 Wakili_Mbale (saa 11:15 jioni)

Nimeusoma uzi wote. Mnaongea ufundi tu, na sheria iko hapa pia.

Kompyuta ni ya kampuni, hilo halina ubishi, na kampuni ina haki ya kuirudisha mikononi mwake. Lakini akaunti ni ya mtu. Tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, inayokataza kuingia kwenye data bila idhini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na kanuni zake za 2021, inayosimamiwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya TEHAMA. Kufungua mashine yenu na kumwongeza mtumiaji mpya ni jambo moja. Kufungua kivinjari, kukuta sanduku la barua la mhasibu liko wazi, mkaanza kusoma, ni jambo jingine kabisa, hata kama skrini ni ya kwenu.

Ushauri wangu: mwandikieni. Barua fupi yenye tarehe, mkimwalika aje aondoe vitu vyake mbele ya shahidi, na siku ya mwisho ya kuja. Akikataa, mna karatasi mkononi.

#12 BusiaMpakani (saa 12:03 jioni)

Barua ya nini? Zuieni mshahara wake wa mwisho na cheti cha utumishi. Atakuja mwenyewe mbio.

#13 Wakili_Mbale (saa 12:20 jioni)

Ndugu yangu wa Busia, usiwaingize watu kwenye kesi. Sheria ya Ajira ya 2006 imeweka mipaka ya makato ya mshahara, na mwajiri hajipangii tu sababu yake. Cheti cha utumishi mfanyakazi akikiomba ni haki yake, hakiwekwi rehani. Mkizuia hivyo, yeye ndiye atakayekwenda kwa afisa wa kazi, na huko hamtaulizwa habari za laptopu.

#14 NilihamaKazi_Gulu (saa 2:45 usiku)

Naomba niseme kwa upande wa yule aliyeondoka, maana hapa kila mtu ni ofisi.

Niliondoka kwenye shirika moja huku kaskazini. Laptopu waliichukua asubuhi ileile waliponipa barua ya kuondoka, sikupewa hata dakika ya kufunga nilichokuwa nimefungua. Humo mlikuwa na skani ya kitambulisho changu cha taifa, vyeti vya watoto vya shule, picha za mazishi ya mama yangu. WhatsApp yangu ilikuwa wazi kwenye kompyuta ile. Nilikwenda nyumbani nikaifunga kwa simu, kwenye vifaa vilivyounganishwa, nikabadilisha paswadi ya akaunti. Kesho yake wakanipigia kwa hasira kwamba "nimewafungia mashine". Nilikuwa nalinda vitu vyangu.

Kwa hiyo dada Karani, kabla ya kumwita mwizi, mpe mtu nafasi ya kuchukua vyake. Mwambie aje na flashi. Ukimtendea hivyo, ufunguo wa tarakimu 48 atakupa bila kuombwa mara mbili.

#15 Karani_Nakawa (Jumanne, saa 3:05 asubuhi)

Asanteni sana. Kaka wa Gulu, pole kwa yote hayo, nami sijamwita mwizi. Alikuwa mtu mzuri kwangu.

Majibu kwa Mwalimu: usimbaji umewashwa. Ile amri imeleta tarakimu 48, nimeziandika. Mtumiaji mpya nimemweka, nimemfanya msimamizi, nimejaribu kuingia naye na inakubali. Ila kwenye folda ya Nyaraka mafaili mengi yana alama ya wingu. Machache ndiyo yana tiki ya kijani. Maana yake nini? Na nikiingia kama Hesabu, Eneokazi liko tupu, hamna hata ankara moja.

#16 MwalimuTEHAMA (saa 3:40 asubuhi)

Hapo ndipo nilipokuwa na wasiwasi. Maana yake ni kwamba OneDrive yake binafsi, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, imebeba Nyaraka na Eneokazi. Yale ya tiki yapo kwenye diski. Yale ya wingu hayapo: unaona jina na picha yake, lakini faili lenyewe liko kwenye hifadhi yake mtandaoni. Ukitenganisha OneDrive na mashine sasa hivi, ya wingu yatatoweka hapo kwenu, yatabaki kwake. Ukimfuta mtumiaji pamoja na data zake, hata yale ya tiki yatakwenda. Na bosi akipiga formati kama alivyotaka, ndiyo kabisa.

Fanya hivi. Ingia kwa jina la zamani ukiwa na intaneti ya kutosha. Folda za kazi, na za kazi peke yake, zibofye kulia uchague zikae kwenye kifaa hiki daima. Subiri wingu ligeuke tiki. Kisha zikopi kwenye diski ya nje, nje kabisa ya folda ya OneDrive. Fungua mafaili kadhaa kutoka kwenye ile diski uone yanafunguka kweli. Baada ya hapo ndipo utenganishe OneDrive.

Na tahadhari kubwa: usifute faili lake lolote ndani ya ile folda wakati bado imeunganishwa. Ukilifuta hapo linafutika na kule kwake pia.

Hilo Eneokazi tupu usilihofie, kila mtumiaji ana lake.

#17 Wakili_Mbale (saa 4:10 asubuhi)

Naongeza hapa: hizo "folda za kazi" mzichague mbele yake, au angalau akiwa kwenye simu anasikia. Hifadhi ya mtandaoni ni yake. Mimi sioni kwamba namba ya siri aliyowaachia alipokwenda likizo ni ruhusa ya kudumu.

#18 Mzee_wa_Hesabu (saa 4:55 asubuhi)

Wakili, nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe. Ankara za kampuni ni za kampuni popote zilipolala. Mtu akiegesha lori la kampuni nyumbani kwake haligeuki kuwa lake.

#19 Wakili_Mbale (saa 5:02)

Lori haligeuki, Mzee. Lakini hata kulifuata lori unapiga hodi getini.

#20 Mzee_wa_Hesabu (saa 5:30)

Haya, tuliache hapo. Binti yangu Karani, vitabu vya hesabu mnatumia programu gani? Kama ni QuickBooks ya kompyuta au TallyPrime, kwa kawaida data zake zinakaa kwenye folda ya Public ndani ya Users, isipokuwa kama mtu alizihamisha. Folda hiyo haimfuati mtumiaji mmoja, kwa hiyo ukimwondoa yule haiguswi. Nenda kaitazame. Ukikuta faili la kampuni lina tarehe ya karibuni, utapumua. Lakini angalia pia kama paswadi ya msimamizi ndani ya programu yenyewe mnayo. Hiyo haina uhusiano wowote na Windows.

Na kuna jambo moja ambalo kwenu wote limepita juu: URA, mamlaka ya mapato. Nani ameandikishwa kama mtu wa mawasiliano kwenye akaunti ya TIN ya kampuni? Kama ni baruapepe ya mhasibu aliyeondoka, mnaweza kuisafisha laptopu ikang'aa, na bado taarifa za kodi zikaendelea kumfikia yeye. Walipa VAT wamefungwa na EFRIS tangu Januari 2021. Hakuna ankara ya kodi bila huo mfumo, na hakuna mfumo kama hamwezi kuingia.

#21 DukaLaDawa_Arua (saa 5:48)

Mzee umenikumbusha kivinjari. Yule msaidizi wetu alikuwa ameingia kwenye Chrome kwa Gmail yake. Kila paswadi aliyokuwa akiandika, ya benki ya duka, ya wauzaji wa jumla, Chrome ilikuwa inamuuliza "nihifadhi?" naye anakubali. Zote ziliingia kwenye akaunti yake ya Google. Tulipoondoa wasifu wake kwenye kompyuta, zilitoka kwetu zikabaki kwake Juba. Si kwamba aliziiba, ndivyo kitu kinavyofanya kazi. Dawa ilikuwa kubadilisha paswadi zote za duka, moja baada ya moja.

#22 FundiWaPlaza (saa 6:15 mchana)

Hii ni ya maana kuliko jina kwenye skrini. Wateja wangu wanakuja wakiumia kwa sababu ya jina lile wanaloliona kila asubuhi, wakati paswadi za benki zimetoka nje ya ofisi. Jina halimdhuru mtu.

#23 Mtoto_wa_Kasese (saa 7:20 mchana)

Samahani kuingilia. Je, simu? Sisi tuna simu ya ofisi ya Android, dada aliyekuwa anaitumia ameolewa akahamia Kigali. Tumeirudisha kiwandani, sasa inadai akaunti ya Google iliyokuwemo.

#24 FundiWaPlaza (saa 7:34 mchana)

Hiyo ni kinga ya wezi, ipo tangu Android 5.1. Mliirudisha kiwandani kwa vitufe bila kutoa akaunti kwanza, ndiyo maana. Mpigieni huyo dada aingize baruapepe na paswadi yake mara moja, kisha akaunti itolewe kwenye Mipangilio. Kama simu ina risiti, wauzaji rasmi wa aina hiyo ya simu wanaweza kuwasaidia. Wale wanaowaambia "tunapasua kwa elfu thelathini" mimi siwashauri. Sijui, na nyinyi hamjui, wanaacha nini ndani.

#25 BusiaMpakani (saa 7:50 mchana)

Kigali si mbali, mfuateni na keki.

#26 NilihamaKazi_Gulu (saa 8:10 mchana)

Kwa wenye Mac, mambo yako vivyo hivyo au magumu zaidi. Ikiwa imefungwa kwa akaunti ya Apple ya mtu kupitia huduma ya kutafuta kifaa, hata ukifuta diski yote bado itamuulizia yeye. Aondoe kifaa mwenyewe kwenye akaunti yake, au muwapelekee Apple uthibitisho wa ununuzi.

#27 Karani_Nakawa (Alhamisi, saa 10:25 jioni)

Habari za jioni. Nimerudi na taarifa.

Nilimwandikia kama Wakili alivyosema, kwa lugha ya upole kama kaka wa Gulu alivyosema, nikamwambia aje na flashi. Alikuja leo baada ya chakula cha mchana. Bosi alitoka ofisini, nadhani ilikuwa afadhali. Tulikaa na dereva mmoja kama shahidi. Alishusha mafaili ya kazi kutoka OneDrive, tukayakopi, akachukua picha zake na vyeti vyake, akatoka kwenye OneDrive, Office na Chrome. Faili la QuickBooks tulilikuta kwenye Public, palepale Mzee alipotaja. Nikaingia kama Hesabu, nikaenda Watumiaji wengine, nikaondoa akaunti yake pamoja na data. Skrini ya kuwashia sasa ina jina moja tu.

Na alichosema kuhusu baruapepe kinafanana na cha #5. Siku ile aliomba anwani ya kampuni, akaambiwa "weka yoyote".

Lakini bado kuna kitu. Nikiandika winver, dirisha linaloonyesha toleo la Windows linasema imepewa leseni kwa baruapepe yake. Bosi ameona, amekasirika upya, anasema "bado yumo ndani".

#28 FundiWaPlaza (saa 10:40 jioni)

Hayumo. Hayo ni maandishi tu yaliyobaki kwenye rejista ya Windows, mahali panapoitwa RegisteredOwner. Yaliandikwa siku mashine ilipowekwa na hayampi mtu uwezo wowote. Unaweza kuyabadilisha kwa regedit ukaandika jina la kampuni. Au uyaache.

#29 MwalimuTEHAMA (saa 11:05 jioni)

Hilo la winver nakubaliana na Fundi. Hongera dada, umefanya kazi safi.

Ila kuna sehemu moja ambako bosi wako ana haki ya kuuliza, ingawa ameelekeza kidole pasipo. Kwenye ukurasa wa vifaa wa akaunti ya mhasibu, laptopu yenu bado imeorodheshwa mpaka yeye aiondoe, na ule ufunguo wa tarakimu 48 bado anao kule. Kumfuta kwenye mashine hakufuti kilicho mtandaoni. Mwombe aondoe kifaa. Na ili ufunguo wa zamani usifungue kitu, zimeni usimbaji, diski ifunguke yote, kisha muuwashe upya kwa akaunti ya Microsoft ya kampuni ili ufunguo mpya uhifadhiwe kwenu. Fungueni baruapepe ya cheo, isiyo ya mtu, na namba ya simu ya kuthibitisha iwe ya ofisi.

#30 FundiWaPlaza (saa 11:12 jioni)

Mimi ningeacha akaunti ya ndani tu, bila Microsoft kabisa. Baruapepe ya cheo leo anaishika mhasibu mpya, kesho yeye ndiye mwenye paswadi, mnarudi hapahapa.

#31 MwalimuTEHAMA (saa 11:20 jioni)

Na siku laptopu ikiibiwa kwenye teksi, Fundi? Kwa akaunti ya ndani usimbaji haujiwashi wenyewe, na bila usimbaji diski inasomwa na yeyote mwenye bisibisi.

#32 Mzee_wa_Hesabu (saa 11:48 jioni)

Mtabishana mpaka kesho nyinyi wawili. Mimi ningelipia Windows Pro na mkataba wa baruapepe za kampuni, msimamizi awe mmoja wa wakurugenzi. Ni gharama, najua.

Binti, la URA umeliona?

#33 Karani_Nakawa (saa 12:15 jioni)

Ndiyo Mzee, ni baruapepe yake. Na simu yake. Kesho asubuhi bosi atakaa nami tuombe mabadiliko ya taarifa za usajili kwenye tovuti ya URA, na mhasibu amekubali simu yake iwe wazi kama namba za uthibitisho zitamfikia yeye. La ufunguo nalo nimemwandikia sasa hivi. Kuhusu akaunti ya ndani au ya kampuni, bosi anauliza Windows Pro ni shilingi ngapi kwa mashine moja. Fundi, bei ya ile halali, si ile ya kupachika bila leseni.